Lau Pasingekuwa na Mungu, Je, Watu Wangemzua?

Wasomaji wetu, juma hili tumeazimia kuandika juu ya swali ambalo wengi hulikimbia pindi linapotajwa. Tumepata kuwaona watu wazima wakiinuka barazani na kusingizia adhana ambayo haijaadhiniwa, ili tu wasilisikie. Nalo ni hili: lau pasingekuwa na Mungu, je, jamii ya wanadamu ingelazimika kumzua?

Aliyelivumisha swali hili duniani ni Mfaransa mmoja, Voltaire. Yapata mwaka 1768 aliandika waraka wa kishairi kumjibu mtungaji aliyejificha wa kitabu kilichodai kwamba Musa, Isa na Muhammad, rehema na amani ziwashukie, walikuwa walaghai watatu. Humo ndimo alimotoa hoja yake kwamba wanadamu hawawezi kuishi pasi na Mungu, hata ikibidi wamtengeneze wenyewe. Msomaji asidhani kwamba Voltaire alikuwa rafiki yetu. Mwaka 1741 tamthilia yake ya kumtusi Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa imekwisha kuchezwa jukwaani huko Ufaransa. Lakini hakuwa mkanushaji. Aliamini kwamba yuko Muumba, na aliamini pia, jambo ambalo ndilo linalotuhusu hapa, kwamba imani hiyo ina faida kwa mwenye mali. Alipenda wakili wake, mshonaji nguo wake na watumishi wake wamwamini Mungu, kwani kwa hesabu yake angeibiwa kidogo zaidi.

Tazameni basi swali limesimama wapi. Halimuulizi Mungu kama yupo. Linauliza kama anafaa kazi, kama mtu anayeuliza habari za bawabu kabla ya kumwajiri.

Sisi ni watu wa Lamu kwa asili, na riziki imetuweka Kakamega miaka mingi sasa. Tunauza vitambaa. Nyumbani kwetu anaishi mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, anayesoma chuo kikuu hapa mjini. Kijana huyu ni msikivu, hana ufidhuli, na ni yeye anayetusomea barua ndogondogo za benki ambazo macho yetu hayaziwezi tena. Mwaka jana tuliona kwamba alfajiri mlango wake haufunguki. Tulingoja, tukidhani ni uchovu wa mitihani. Mitihani ikapita, mlango ukabaki vile vile. Tulipomuuliza alitujibu kwa adabu, macho chini: "Mjomba, nisamehe, lakini siwezi kusujudia kitu ambacho watu wamekibuni ili wasiibiane sokoni."

Wapo jamaa waliotushauri tumrudishe Lamu. Yuko aliyesema tusimpe tena hela ya matumizi. Hatukuyafuata mashauri hayo, kwa sababu mtu aliyeswali kwa kuogopa kukosa hela ya matumizi atakuwa amethibitisha kwa magoti yake mwenyewe jambo lile lile alilolisema kwa mdomo. Ilitubidi tumjibu. Na kwa kuwa hoja yake haikuwa ya kitoto, jibu nalo lilitugharimu jioni nyingi.

Alikuwa amesoma kitabu cha Ara Norenzayan, mtaalamu wa saikolojia anayefundisha Kanada, kilichotoka mwaka 2013. Mtaalamu huyo anasema kwamba watu walipokuwa wachache, kila mmoja akimjua mwenzake, hawakuhitaji mlinzi wa mbinguni. Macho ya jirani yalitosha. Miji ilipokua, watu wakawa wanauziana na wasiojuana, ndipo zikashamiri zile dini zenye Mungu mkubwa anayeona kila kitu na anayeadhibu. Anayejua kwamba anatazamwa hupunja mizani kidogo zaidi. Sisi wafanyabiashara hatuwezi kuikataa hoja hii kwa dharau, maana tunaijua kwa mikono yetu. Misafara ya wazee wetu wa pwani iliyofika Elureko, penye ikulu ya Nabongo Mumia, karne ya kumi na tisa, ikitafuta pembe za ndovu, iliendeshwa kwa mali ya mkopo na kwa neno la mtu. Mwenye kuswali na wewe safu moja, ulimwachia bidhaa. Jamaa wengi wa Mumia waliingia katika Uislamu, na hadi leo Mumias ndio mji wa Waislamu katika kaunti hii. Hatusemi waliingia kwa ajili ya biashara, kwani yaliyomo vifuani anayajua Mwenyewe. Tunasema tu kwamba faida ilikuwapo, na kwamba Qur'ani yenyewe, katika Suratul Hujurat, inawarudi wale mabedui waliojigamba kwa imani ilhali walikuwa wamesilimu kwa ndimi tu. Kwa hiyo dini ya manufaa si habari ngeni kwetu. Tumekwisha kuonywa nayo.

Lakini tulimwambia mpwa wetu: tuache vitabu kwanza, tutazame hapa ulipo. Umo Kakamega, kati ya watu ambao kabla ya sisi na kabla ya wamisheni hawakuwa na miji mikubwa wala masoko ya wageni elfu. Kwa hesabu ya yule mtaalamu, hawakuhitaji Mungu mkuu. Je, walikuwa naye au hawakuwa naye?

Walikuwa naye. Waluhya humwita Were, au Wele kwa lafudhi ya Wabukusu, na humwita Nyasaye. Wamisheni wa Kikweka walipopiga kambi Kaimosi mwaka 1902, umbali mfupi kusini ya hapa, hawakulazimika kuleta jina la Muumba ndani ya masanduku yao. Walilikuta, na ndilo lililoingia katika Biblia ya Kiluhya. Hata Waislamu wa Mumias tunaofanya nao biashara, wakishtushwa na jambo, Nyasaye humtangulia Allah midomoni mwao, na hatujamwona maalimu aliyewakataza. John Mbiti, mwanachuoni wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, alipokusanya habari za watu karibu 300 wa Afrika na fikra zao juu ya Mungu, alikuta Muumba huyu karibu kila alikotafuta.

Jambo lenyewe lililotushika ni jingine. Katika mila ya Kiluhya, kazi ya ulinzi haikuwa ya Were. Tukizungumza na mzee mmoja wa Kiisukha, jirani yetu, tulimuuliza: zamani mtu akiiba ng'ombe au akivunja kiapo, aliogopa nini? Alijibu bila kufikiri: aliogopa laana ya wazee, na aliogopa emisambwa, yaani mizimu ya waliotangulia. Mizimu ndiyo iliyoleta ugonjwa nyumbani, mizimu ndiyo iliyodai kuku na mbuzi. Na Were? Akatua kidogo. Were, alisema, ndiye mwenye kutoa. Babu yake alitoka nje alfajiri, akaelekea mashariki kunakochomoza jua, akamwomba siku njema kwa ajili ya watoto wake na mifugo yake, akarudi ndani. Hayo ndiyo waliyoyaandika pia wataalamu waliowatembelea Waluhya katika miaka ya 1930: Muumba aliye juu na mbali, mwenye heshima, na chini yake mizimu inayosimamia mambo ya kila siku.

Basi tukamwambia kijana: kama watu humzua Mungu ili awe askari wa doria, watu hawa walimzua wa nini? Askari walikuwa nao tayari, tena wakali. Huyu wa alfajiri hakumkamata mwizi wala hakulipiza kisasi cha ahadi iliyovunjwa. Hakuwa na kazi ambayo jamii ilimpa. Hata hivyo mzee alitoka nje kungali na umande kwenda kumshukuru. Hoja ya manufaa inaeleza mizimu vizuri sana, lakini haimwelezi Were.

Kijana alinyamaza siku mbili, na tulifurahi kupita kiasi. Siku ya tatu alikuja na swali zito kuliko la kwanza. "Mjomba, mbona basi watu wanazua miungu kila siku, tena hapa hapa?"

Hapo hakukosea. Kaskazini ya hapa, Chemororoch katika Uasin Gishu, aliishi mtu aliyejiita Jehova Wanyonyi, akasema wazi kwamba yeye ndiye Mungu. Alikuwa na wafuasi wa kweli, wenye akili zao na mashamba yao. Mwaka 2015 habari za kifo chake zilipoenea, walikataa kukiri kwamba amekufa. Na sisi watu wa pwani tusiwacheke watu wa bara kwa hilo, maana Aprili 2023 ardhi ya Shakahola, Kilifi, ilianza kufukuliwa, ikatoa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba njaa itawafikisha kwa Mola wao. Wengi walikuwa watoto. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alifikishwa mahakamani. Hatuna lugha ya kuipamba habari hiyo, wala haifai kupambwa.

Mpwa wetu alitaka tumweke Elijah Masinde katika safu hiyo hiyo, na hapo tulimkatalia. Masinde, Mbukusu wa Kimilili, mchezaji kandanda wa sifa katika ujana wake, alianzisha Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940. Hakujifanya Mungu. Alichokataa ni yule mungu aliyeshuka pamoja na kodi, kazi ya shuruti na kunyang'anywa mashamba, akawaita watu warudi kwenye mizimu ya mababu zao. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, watu 11 wakauawa. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa kizuizini, wapi? Lamu. Wazee wetu wa Lamu walimwona. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mungu wake aliyefaa utawala, mpole kwa gavana na mkali kwa mkulima, na ilimwondoa mtu huyu kwa sababu alimtaja mungu huyo kwa alilokuwa. Uhuru ulipokuja, serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku dini hiyo tena mwaka 1968. Huenda kila dola ina Voltaire wake ndani ya ofisi.

Na tukisema dola, hebu tutazame yetu. Wimbo wetu wa taifa, wenye sauti iliyochukuliwa kutoka kwa wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo wa Mto Tana, unaanza kwa kumwita Mungu. Utangulizi wa Katiba ya 2010 unaukiri ukuu wake, na kifungu cha nane cha katiba hiyo hiyo kinasema kwamba hakutakuwa na dini ya dola. Rais anaruhusiwa kuapa kwa jina la Mungu au kuthibitisha bila kumtaja. Katika sensa ya mwaka 2019 zaidi ya watu 755,000 walisema hawana dini yoyote. Mwaka 2016 chama cha wasioamini Mungu kiliposajiliwa, haikupita miezi mitatu usajili wake ukasimamishwa kwa hoja ya amani ya umma, na shauri likaenda mahakamani. Hatukuifurahia hatua ile, ijapokuwa ndugu wengi waliishangilia. Serikali ikisema kwamba amani itavunjika watu wachache wakisikika wakisema Mungu hayupo, inakuwa imekubaliana nao katika jambo kubwa zaidi kuliko inavyodhani. Inakuwa imesema kwamba Mungu ni nguzo ya ukumbi, na nguzo hujengwa na watu. Mola wetu hasimamishwi kwa barua ya msajili, wala haanguki kwa barua hiyo.

Tukarudi kwa Wanyonyi na Shakahola. Tulimuuliza kijana: miungu hii iliyozuliwa ina alama gani moja inayoikusanya? Akafikiri. Sisi tukamwambia tuonavyo. Mungu aliyezuliwa hamwambii mzuaji wake "hapana". Humtaka mfuasi atoe mali, atoe watoto, atoe roho yake, lakini aliyembuni hatakiwi kutoa kitu. Samiri alipowatengenezea Wana wa Israili ndama wa dhahabu, kama ilivyo katika Surat Taha, yule ndama alitoa sauti lakini hakuwa na jibu la kumpa mtu. Wanazuoni wanasimulia pia habari za Banu Hanifa, kabila la Waarabu wa zamani za ujahili, waliojitengenezea sanamu ya tende iliyokandwa kwa samli wakaiabudu muda mrefu, kisha mwaka wa njaa ukaja wakaila. Kijana alicheka, mara ya kwanza baada ya miezi.

Sasa, tukasema, ichukue alama hiyo uipeleke kwa Mtume (S.A.W.). Siku aliyofariki mwanawe mdogo, Ibrahim, jua lilipatwa. Watu wa Madina walianza kusema kwamba jua limemlilia mtoto wa Mtume. Ingekuwa ni dini ya kubuni, ni siku gani bora kuliko hiyo? Hakuhitaji hata kusema uongo. Kunyamaza kungetosha. Naye, baba aliyetoka kumzika mwanawe, akawasimamia watu na kuwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, na hazipatwi kwa kifo cha mtu yeyote wala kwa uhai wake. Vivyo hivyo Surat Abasa. Alikuwa na wakuu wa Kikureshi akitarajia wasilimu, akaja kipofu, Ibn Umm Maktum, akamkatiza, naye akakunja uso. Likateremka karipio, na karipio hilo linasomwa na Waislamu duniani kote hadi leo, na watoto wa chuoni wanalihifadhi. Hatumjui mzuaji yeyote aliyezua karipio lake mwenyewe kisha akaamuru lihifadhiwe.

Tukaongeza na mfano wa karibu, maana kijana alikuwa na haki ya kuujua. Babu yake alipofariki aliacha duka na nyumba. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyeshika hati zote, na nia yake, aliyoieleza bila haya, ilikuwa dada yetu asipewe kitu kwa kuwa ameolewa na ana mume wa kumlisha. Hapakuwa na wa kumshtaki. Dada yetu mwenyewe alikuwa amekwisha kukata tamaa, na mtaani hakuna aliyejua kiasi cha mali. Usiku mmoja kaka akaja kwetu na Suratun Nisaa mkononi, uso umemvimba kwa hasira, akasema aya za mirathi hazimwachii njia. Alitoa fungu la dada huku akinung'unika, na alinung'unika mwaka mzima. Tulimwambia mpwa wetu: fungu lile ndilo linalolipa karo yako hapa Kakamega.

Kijana aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini: "Lakini Mjomba, hiyo nayo ni faida. Umeniambia tena kwamba Mungu anafaa."

Ni kweli. Alitukamata, na hatukuona haya kukiri kwamba ameona sawasawa. Mfano wa kaka haumfungi mtu kuamini. Yule mtaalamu wa Kanada angeueleza kwa urahisi: mtu aliogopa jicho la juu. Na tunajua, kwani tunasoma na kusikiliza habari, kwamba ziko nchi kama Denmark na Sweden ambako misikiti na makanisa si nguzo ya maisha ya wengi, na watu hawaibiani kwa ajili hiyo, wala yatima hawatupwi njiani. Mwenye kusema kwamba jamii itaporomoka siku ile imani itakapopungua, hana budi kuzieleza nchi hizo, nasi hatujasikia khutba iliyozieleza vizuri. Kwa rai yetu Waislamu tungefanya vyema kuiachia hoja ya askari wa doria kwa wanaoihitaji. Tukiishika, tutakuwa tumemweka Mola wetu kwenye ushindani na kamera za madukani, na kamera zinazidi kuwa bei nafuu.

Hoja yetu iko mahali pengine, nayo ilielezwa na Muislamu karne nyingi kabla ya Voltaire kuzaliwa. Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki Marrakesh mwaka 1185, alitunga kisa cha Hayy ibn Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisichokuwa na mtu. Hana soko, hana jirani, hana mfalme, hana wa kumwibia. Ondoa jamii yote, asema mtungaji, kisha tuone. Paa mlezi wake anapokufa, mtoto anampasua kifua atafute kilichoondoka, hakioni, na tangu hapo anaanza kuuliza. Anazitazama nyota na mwendo wake, kama Nabii Ibrahim alivyotazama katika Suratul An'am, akajua kwamba kitu kinachotua hakifai kuwa cha mwisho. Akafikia umri wa makamo, akawa amemjua Muumba bila kufundishwa na mtu. Hiyo ndiyo fitra tuliyoelezwa katika hadithi, kwamba kila mtoto huzaliwa nayo. Na ndiyo tuliyoisikia kwa mzee wa Kiisukha, bila yeye kupata kusoma Ibn Tufayl: mtu ametoka nje peke yake alfajiri, wengine wamelala, hakuna anayemwona.

Kisa hicho tulimpa kijana akisome, kwa tafsiri ya Kiingereza, maana Kiarabu chake hakitoshi. Alikimaliza kwa siku nne. Hakutuambia ameamini, nasi hatukumuuliza. Alituambia tu kwamba mwishoni, Hayy anapokutana na Absal, mcha Mungu aliyekuja kutoka kisiwa chenye watu, na kuelezwa Swala na Saumu na Zaka na Hija, anazikubali na kuzishika, na kwamba yeye hakuelewa kwa nini. Mtu aliyekwisha kumjua Mola wake peke yake, Swala tano anazitakia nini? Tulimjibu tulivyoweza, hakuridhika. Ijumaa iliyopita, kwa hiari yake, alipanda matatu kwenda Mumias kumuuliza maalimu tunayemfahamu huko. Maalimu amemwomba muda wa kufikiri, na amemtaka arudi naye wakae baada ya Swala ya Alfajiri.